Mbegu Zilizokula Moshi

Siku ya Jumamosi, tarehe ishirini ya mwezi wa Aprili, mwaka 2013, siku ambayo kalenda ya wakulima huiita Mvua ya Nafaka, Niu Lamei alichukua jembe dogo na kifuko cha kitambaa chekundu, akazunguka nyuma ya nyumba yake katika kijiji cha Shigou, akapiga magoti kando ya ukuta wa mawe ili ampandie binti yake dawa.

Mvua yenyewe haikuwa imenyesha. Udongo ulikuwa mkavu juu na baridi chini, kama ulivyo kila mwaka katika milima ya Taihang, na Lamei alilazimika kuchota maji kisimani akakinyunyizia kitalu kwa ufagio, polepole, mpaka udongo ukashika rangi ya mkate uliotoka jikoni. Ndipo akafungua kifuko. Mbegu za dangshen ni ndogo mno. Ukizimwaga kiganjani utadhani mtu amekuwekea ugoro. Alizichanganya na mchanga ili zisirundikane, akazitawanya, akazifunika kwa udongo mwembamba kama anayemfunika mtoto aliyelala, kisha akatandaza mabua ya ngano juu yake, kwa kuwa mche wa dangshen ukiamka na kulikuta jua limeukodolea macho, hufa siku hiyohiyo.

Mbegu zilizosalia kidogo chini ya kifuko alizirudisha ndani. Alifanya kila kitu kama alivyoelekezwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Dangshen ni mzizi mtamu ambao kwetu hupikwa pamoja na kuku kwa ajili ya yeyote aliyeishiwa nguvu: mzee aliyetoka homani, mchimba makaa anayehema akipanda ngazi, na zaidi ya wote mwanamke aliyetoka kujifungua. Hatusemi kwamba unaponya ugonjwa fulani. Tunasema unamrudishia mtu mwili wake. Na Yanqin, binti wa pekee wa Lamei, alihitaji kurudishiwa mwili wake. Alikuwa ameolewa bondeni, katika mji mdogo wa Beishe, na mimba mbili zilikuwa zimemtoka: ya kwanza changa, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza tumboni. Ile ya pili ilitoka mwanzoni mwa majira ya baridi. Daktari alimwita mumewe, Baoshun, akamwambia kwamba mwili wa mkewe umechoka, ulishwe vizuri na upumzishwe miaka mitatu kabla ya kujaribu tena.

Miaka mitatu. Lamei alipoletewa neno hilo alikuwa akikanda unga, na mikono yake ilisimama ndani ya bakuli. Dangshen huchukua miaka mitatu tangu mbegu hadi mzizi unaostahili kuingia katika sufuria. Ilikuwa kana kwamba mtu amemfungulia kijidirisha ukutani, kwa maana tangu siku ya msiba ule hakuwa ameruhusiwa kufanya lolote.

Alikuwa ametaka kumleta Yanqin nyumbani amuuguze. Mimba iliyotoka nayo ni uzazi. Mwanamke hulazwa, hukingwa na upepo, hunyweshwa uji wa mawele na sukari nyekundu mpaka mwezi upite. Lakini binti aliyekwisha kuolewa halali uzazini kwa wazazi wake. Damu yake ikivuka lango, nyumba ya ndugu yake hunyauka, kwanza mifugo, kisha watoto. Mwana wa Lamei alikuwa akifanya kazi mbali, kwenye machimbo ya makaa. Aliyebaki nyumbani ni mkewe, Ailian, pamoja na mtoto wao wa kiume, Doudou, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Ailian hakupiga kelele. Alisimama katikati ya lango akiwa amempakata mtoto, akasema, “Mama, mimi simchukii wifi yangu, unajua. Lakini mtoto wangu ni mmoja, na lango letu ni moja.”

Lamei naye aliiamini desturi hiyo kama alivyoamini kwamba maji huteremka. Basi alijitwika mayai, mawele na mtetea mmoja, akashuka Beishe. Mama mkwe wa Yanqin alimpokea kwa chai, akayasifu mayai moja moja, na kabla ya adhuhuri akaanza kueleza jinsi basi la kupanda mlimani linavyowahi kuondoka siku hizi. Yanqin alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Lamei alimshika kisigino juu ya blanketi, kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwa karibu, akakishikilia mpaka alipoambiwa tena habari za basi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini kuujua na kuweza kuuondoa ni mambo mawili.

Angeweza kununua dangshen sokoni. Iko tele, imefungwa mafungu kwa mafungu, mieupe kama mishumaa. Lakini weupe ule si wake. Wafanyabiashara huifukiza kwa moshi wa salfa ili ing'ae na isiliwe na wadudu. Lamei aliwahi kununua fungu moja, akaliloweka, na jikoni kote kukanuka kama mtu amezima njiti ya kibiriti. Aliyamwaga maji yale nje na kusema mbele ya Ailian kwamba moshi hautaingia mwilini mwa mwanawe maadamu yeye yu hai.

Hivyo alikwenda kwa Mzee Song, jirani wa upande wa juu, mmoja wa wachache waliokuwa bado wakipanda dangshen kwa mbegu zao wenyewe. Song alikuwa na mguu mmoja mfupi, ulimi mrefu, na sigara isiyozimika. Alimsikiliza Lamei hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akatoka nje, akaizima sigara kwa kisigino, akanawa mikono na uso, ndipo akaingia katika chumba cha nyuma na kurudi na mtungi. Lamei aliyaona hayo yote na akadhani ni heshima.

“Usizipigie chafya tu,” Song alisema akimmiminia, “maana utapanda kijiji kizima. Baridi hii utaziweka wapi?”

“Mahali pa heshima kuliko pote nyumbani kwangu,” Lamei akajibu.

Mzee Song akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Mmoja hakusema, mwingine hakuuliza, na wote wawili walikuwa wakitenda wema.

Kwani mahali pa heshima nyumbani kwa Lamei palikuwa juu ya meko, ukutani, ilipobandikwa picha ya Mungu wa Jikoni. Yeye ndiye anayeiona nyumba mwaka mzima, ndiye anayepanda mbinguni mwisho wa mwaka kupeleka habari. Lamei alikining'iniza kifuko chekundu kando ya uso wake, mahali ambapo ufukizo wa asubuhi ungekipitia kwanza. Ilipofika siku ya kumuaga, alimpaka asali midomoni kama ilivyo desturi, ili maneno yake huko juu yawe matamu, akamnong'oneza jina la Yanqin mara nyingi kuliko majina ya walio hai na waliokufa wote wa nyumba ile. Akachoma picha ya zamani, akabandika mpya. Kifuko kilibaki pale pale, na chini yake meko iliwaka asubuhi na jioni, baridi yote, kwa kuni za mlimani ambazo moshi wake huwatoa watu machozi.

Ndizo mbegu alizozipanda siku ya Mvua ya Nafaka.

Wiki zilipita. Alikuwa akifunua mabua kila alfajiri kwa vidole viwili, akayashusha tena. Magugu yaliota, nayo aliyatazama kwanza kwa tamaa, kisha kwa aibu, kisha akayang'oa. Mahindi aliyoyapanda kandokando ili yaje kuitilia miche kivuli yalifika magotini yakiwa hayana cha kukitilia kivuli. Wanawake waliokuja kusaga walimuuliza amezika nini huko nyuma, na mmoja wao, Mama Gensheng, akasema kama ni fedha awaambie mapema, ili waje kulia naye wakiwa wamevaa vizuri. Lamei alicheka pamoja nao. Kila siku ya soko Yanqin alipiga simu, na hakuuliza habari za mtu yeyote kabla ya kuuliza habari za kitalu.

“Zimeota, Mama?”

“Ardhi bado baridi.”

Na safari nyingine, “Mama, bado?”

“Zinajivuta, mwanangu. Za mlimani hazina haraka.”

Yanqin alikuwa akisema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye naye ameambiwa ajivute.

Ngano ilipokwisha kuvunwa, Mzee Song alishuka mwenyewe, akichechemea. Alichimbua udongo kwa ukucha mahali pengi. Alipoziona mbegu zikiwa zimelala vilevile, kavu na nzima, akaomba aletewe zilizobaki kifukoni. Hakuzitazama. Alikiweka kifuko puani, akavuta pumzi, na uso wake ukabadilika.

“Mama Yanqin, kifuko hiki kilikaa wapi?”

Lamei alimpeleka jikoni akamwonyesha kwa mkono, na bado katika mkono ule kulikuwa na fahari. Song alikaa juu ya rundo la kuni.

“Zimekula moshi,” alisema. “Mbegu ya dangshen ikikaa na moshi baridi nzima, haiamki tena. Mimi navuta kama bomba la treni, lakini katika chumba cha mbegu siingii hata na koti langu.”

“Mbona hukuniambia?”

“Uliniambia mahali pa heshima. Nikadhani sandukuni, Mama Yanqin. Nikadhani sandukuni pamoja na nguo zako za harusi.”

Ailian alikuwa mlangoni akimenya vitunguu saumu. Aliangua kicheko, akasema kumbe Mungu wa Jikoni ameinywa dawa yote peke yake ndiyo maana mwaka huu amenenepa mashavu. Kisha akauona uso wa mama mkwe wake. Akamshika Doudou mkono, akatoka naye nje taratibu, na vitunguu vikabaki kizingitini.

Lamei alikuwa akiifikiria salfa. Alikuwa ameikimbia dawa iliyofukizwa na wageni, akaja kuifukiza mwenyewe, nyumbani mwake, kwa dua. Aliuliza kama kuna mbegu nyingine. Song akasema zake zote ziko ardhini, zimekwisha kuota. Mpaka maua yaje, mpaka vikombe vya mbegu vikauke, mpaka vuli. Hakuna anayeweza kuziharakisha, alisema, wala serikali. Mwaka ulikuwa umekwenda. Lamei alikikunja kifuko, akashindwa kukitupa, akashindwa pia kukirudisha mahali pake, akabaki nacho mkononi mpaka ilipofika saa ya kupika.

Vuli ile Song alimpa mbegu mpya, na safari hii alimweleza kila kitu hata ambacho hakikuhitaji kuelezwa. Lamei aliziweka katika mtungi wa udongo ndani ya ghala, kijumba kidogo cha nafaka kilichosimama peke yake upande wa nyuma. Alikuwa akiingia humo kabla ya kuwasha meko, nywele zikiwa zimeoshwa na kufungwa kitambaa safi. Ailian alisema mama yake mkwe anakwenda kwenye mtungi kama bibi harusi. Kabla udongo haujaganda kwa baridi alizipanda zote, kitalu kilekile kando ya ukuta, akatandika mabua, na theluji ikaja ikafunika.

Mwaka uliofuata, siku chache baada ya sikukuu ya kusafisha makaburi, alifunua mabua akakuta kijani.

Miche ilikuwa midogo, majani mawili mawili, kama masikio ya panya. Lamei alikaa chini kwenye udongo wenye umande na hakuinuka mpaka Ailian alipomfuata akidhani ameanguka. Hata Ailian alichutama akatazama. Akamwita Doudou, akamwambia aangalie kwa macho tu, maana hizo ni nywele za shangazi yake zinazoota upya.

Siku ya soko, simu ilipolia, Lamei hakungoja swali. “Zimeota,” alisema. “Yanqin, zimeota kitalu kizima.”

Alisikia pikipiki ikipita huko Beishe, na mtu akiuza kitu kwa kipaza sauti.

“Mama,” Yanqin akasema, “nami nina jambo.”

Akamweleza kwamba ana mimba tena. Mama mkwe wake alikuwa amesema kwamba miaka mitatu ni lugha ya madaktari waliokwisha kupata wajukuu wao, na kwamba Baoshun ni mwana wa pekee. Alikuwa akisema hivyo mezani, kila siku, bila hasira, huku akimjazia Yanqin bakuli.

“Wewe mwenyewe ulitaka?” Lamei akauliza.

“Mama, unamuuliza nani swali hilo?”

Lamei alimwambia asibebe maji, asinyanyue mikono juu ya kichwa, ale joto. Akarudia. Alipokata simu alikwenda nyuma ya nyumba, akaung'oa mche mmoja. Mzizi wake ulikuwa uzi. Aliufuta kwa kidole, akautafuna; ulikuwa na ladha ya nyasi, na mbali sana nyuma ya nyasi, kama mtu anayeita kutoka mlima wa pili, utamu.

Alimuuliza Song kama ikikusanywa mingi itatosha. Song alimwambia kwamba akiing'oa sasa atampikia mwanawe majani, na kesho hatakuwa na jani wala mzizi. Basi aliiacha. Alikwenda sokoni akanunua ile mieupe. Aliiloweka, akamwaga maji, akailoweka tena, akaianika juani, akainusa, akailoweka tena. Haikuacha kunuka kabisa. Akaifunga pamoja na kuku, akashuka nayo Beishe, kwa kuwa kwenda mikono mitupu kulimshinda. Mama mkwe wa Yanqin aliipokea, akaiinua kwenye mwanga, akamsifu. “Hizi ni nzuri,” alisema. “Nyeupe hasa. Umechagua.”

Miche ilipanda. Mwezi wa Julai ilikuwa imefika kwenye nyonga ya mtu, ikijizungusha kwenye vijiti alivyoichomekea, na majani yake ukiyagusa yalitoa harufu kali inayoshika mikononi. Chini kule mizizi ilikuwa bado haijafikia unene wa kijiti cha kulia chakula.

Simu ya Baoshun ilikuja adhuhuri, wakati wa chakula. Alizungumza akipitia mbali, habari za mvua, habari za lori analoliendesha, mpaka Lamei akamwambia kwa upole, “Sema, mwanangu.” Akasema. Mimba ilikuwa imetoka, ikiwa ya miezi sita. Yanqin alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Mama yake Baoshun alikuwa amefunga mizigo akaenda kukaa kwa binti yake wa mji mwingine. Alisema amekwisha kuuguza mara mbili, na moyo wake nao ni nyama. Yeye Baoshun mwajiri wake alimtaka barabarani. “Mama, sijui nifanye nini,” akasema, na dereva yule mwenye mabega kama lango akaanza kulia kwenye simu.

Lamei alimwambia amlete. Neno lilimtoka kabla hajalipima. Alipoiweka simu mezani, Ailian alikuwa ameacha kula. Doudou alikuwa akivuta tambi mojamoja kutoka bakulini, kidevu chote kikiwa siki. Ailian alimtazama mwanawe kwa muda, akamfuta kidevu, akainuka, akatoka. Lamei alimsikia akizunguka nyuma ya nyumba, kisha akamsikia akisimama. Hakumfuata. Hakuwa na haki ya kumwomba zaidi ya alivyokwisha kumwomba mara ya kwanza, na hakuwa na nguvu ya kumrudisha Yanqin katika nyumba isiyo na mtu.

Ailian aliporudi, uso wake ulikuwa mgumu.

“Mama, desturi inasema asipite langoni. Ukuta haikuutaja.”

“Ailian.”

“Sijamaliza. Inasema asilale chini ya paa la nyumba. Ghala lina paa lake.” Akachukua mtaimbo nyuma ya mlango. “Huko juu wakiniuliza, nitawaambia hakuna mtu aliyepita langoni kwangu. Nitakuwa sikusema uongo.”

Walikwenda pamoja. Ukuta wa nyuma, upande mmoja, umeshikamana na jabali. Upande wa pili unaishia kwenye korongo. Ni pale katikati tu ambapo njia ya nje inafika na gari la magurudumu matatu linaweza kusimama, na pale katikati, kwa urefu wote, palikuwa na kitalu. Wote wawili walikuwa wanalijua hilo. Ailian alisema, bila kumtazama, kwamba huenda wangeweza kuihamisha miche. Lakini dangshen iking'olewa katika joto la Julai haishiki tena. Na Baoshun alikuwa amekwisha kuondoka Beishe, kwa gari la magurudumu matatu aliloazima.

Lamei aliuchukua mtaimbo kutoka mikononi mwa mkaza mwana wake, akauchomeka kwenye jiwe la juu. Mawe yale yalikuwa yamewekwa na babu wa marehemu mumewe, na hayakupenda kuondoka. La kwanza liliangukia ndani, juu ya vijiti. Baada ya hapo hakutazama chini. Ailian alivuta, yeye akasukuma, na ulipopatikana mwanya wa mtu kupita akiwa ameshikwa mkono, wakasimama, wakihema, mavumbi yakiwa yamewapaka nyusi.

Baoshun alimshusha mkewe polepole. Yanqin alikuwa amefungwa kitambaa kichwani na kuvalishwa koti la baridi katika jua lile. Alikuja mpaka kwenye mwanya, akainua mguu avuke, na mguu ukabaki hewani.

“Mama, hizi ndizo?”

“Ndizo.”

Yanqin alitafuta pa kuuweka. Nyingine zilikuwa zimelaliwa na mawe. Zilizobaki zilisimama karibukaribu, na vijiti vyake, na maua ya kwanza ya kijani hafifu yameinama kama kengele. Hapakuwa na nafasi ya unyayo.

“Nitazunguka.”

“Hakuna pa kuzungukia,” Lamei akasema. “Kanyaga, mwanangu.”

Akakanyaga. Mama yake alimshika mkono mmoja, wifi yake, aliyekuwa amejiapiza kutomgusa, akamshika wa pili, wakampitisha juu ya kitalu hatua kwa hatua mpaka kwenye ghala. Harufu ya majani yaliyosagika iliingia nao, ikakaa humo siku nyingi, hata Lamei alipopika uji wa mawele kwenye jiko la udongo aliloliweka nje ili moshi usimfikie.

Mwezi ule ulipita kama inavyopita miezi ya namna hiyo. Yanqin alilala ameuelekea ukuta. Lamei alimshika kisigino. Mara nyingine alitaka kumwambia neno, akalitafuta, akakuta maneno yote aliyonayo yanahusu chakula. Ailian alileta tambi kila jioni, akaziweka nje ya mlango wa ghala bila kuvuka kizingiti, kwa sababu hofu yake haikuwa imeisha, na kila alipoondoka alisimama kwanza kusikiliza kama vijiti vya kulia vinagonga bakuli. Mzee Song alikuja mara moja. Alikikagua kitalu, akasema zile za pembeni zitaishi, na kwamba miaka mitatu itahesabiwa kama kawaida. Lamei alimshukuru. Hakumuuliza miaka mitatu ya nani, kwa kuwa Song asingejua, wala daktari, wala yule aliyepakwa asali midomoni.

Mwezi ulipotimia Baoshun alirudi. Mama yake alikuwa amerejea nyumbani, alisema, na alikuwa akimuulizia Yanqin. Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Lamei aliuliza tu kama wataheshimu maneno ya daktari safari hii, na Baoshun akasema atajaribu. Mtu akikuambia atajaribu, utamshika wapi? Yanqin alijifunga kitambaa mwenyewe. Alikuwa ameongezeka rangi kidogo, au Lamei alitaka kuiona rangi hiyo. Alipofika kwenye mwanya, alichutama, akausimamisha mche mmoja uliolala, akauegemeza kwenye jiwe, kisha akatoka akipita katikati, mahali ambapo palikuwa pamekwisha kukanyagwa.

Gari lilipopotea bondeni, Lamei alianza kukusanya mawe ili auzibe ukuta, kabla mbuzi wa watu hawajagundua. Alikuwa ameinua la pili Ailian alipomwita.

“Acha, Mama.” Alikuwa amesimama kwenye lango kuu, Doudou akiwa ameshikilia suruali yake. “Weka miiba tu. Miiba huondolewa haraka.”

Wakaweka miiba.

Nawe uliyeyasoma haya hadi hapa, usiyatundike juu ya meko. Mpelekee mwanamke mwingine aliye na mbegu chache na binti wa mbali, umsomee ikiwa hajui kusoma, naye umwombe amfikishie wa tatu.